Bakari maana yake nini? Tulifumbue hili jina taratibu

Mdogo wangu wa kike kajifungua mtoto wa kiume hapa Tanga, na usiku wa siku ya sita watu bado wamekaa sebuleni wanabishana jina. Sio kwamba halikuwepo, lilikuwepo tangu mimba ina miezi minne, mtoto akiwa wa kiume ataitwa Bakari, jina la babu yake mzaa baba, marehemu, mzee aliyevua samaki mpaka macho yakamchoka. Shida ilianza pale wifi yake alipotoa simu, akafungua apu ya majina, akasoma kwa sauti: Bakari, jina la Kiswahili, maana yake mwenye ahadi njema. Kijana mmoja akadakia, wee, hilo la Kiarabu na maana yake ngamia. Mwingine akasema sio ngamia ni ng'ombe, si ndo ile Suratul Baqara? Pakachafuka. Mama mkwe alikuwa pembeni anamenya tangawizi ya chai, hakuinua hata kichwa, akasema tu, mimi najua ni jina la mume wangu.

Sasa mimi hili jambo limenikaa moyoni kwasababu Bakari ni jina ambalo mwambao mzima wanalo, Wadigo wanalo, Wasambaa wanalo, Wazaramo wanalo, Wapemba wanalo, ukiingia msikiti wowote Ijumaa ukaita "Bakari!" watageuka watu wanne, halafu eti tunaenda kuuliza maana yake kwenye simu na simu inatujibu uongo. Na mimi naamini jibu la mama mkwe lilikuwa karibu na ukweli kuliko yote yaliyosemwa usiku ule, lakini ili uone kwanini, lazima tulifungue jina kuanzia mwanzo.

Tuanze na hiyo ahadi njema tuimalize. Kwenye Kiswahili hakuna neno "bakari" lenye maana ya ahadi, wala matumaini, wala mtu atakayefanikiwa. Halipo. Ahadi ni ahadi, na mtu akitaka kumwita mwanae hivyo watu wapo wanaoitwa Ahadi. Hiyo tafsiri ina harufu ya Marekani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi waliamua kuacha majina waliyorithi kutoka enzi za utumwa wakatafuta ya Kiafrika, na Kiswahili ndo lugha iliyowavutia sana, ndo kipindi hichohicho Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa mwaka 1966 na maneno yake yote saba ya msingi ni ya Kiswahili, umoja, kujichagulia, ujima na kuendelea. Orodha za majina zikazunguka, kila jina limewekewa maana nzuri ya kumfurahisha mzazi, na Bakari likapata yake. Ndo maana leo kuna mtu kama Bakari Sellers, mwanasiasa wa South Carolina aliyezaliwa 1984, baba yake Cleveland Sellers alikuwa mpigania haki za weusi na alipigwa risasi kule Orangeburg mwaka 1968. Mimi siwezi kumcheka mtu aliyempa mwanae hilo jina kwa kiu ya kurudi nyumbani, ni kitu cha heshima kabisa. Ila maana ile sio yetu, na kinachouma ni kuona inaturudia sisi wenyewe kupitia apu, mtoto wa Tanga anafundishwa maana ya jina la babu yake na orodha ambayo mwandishi wake labda hajawahi kumwona Bakari hata mmoja.

Haya, ng'ombe. Hapa kosa ni la masikio na linaeleweka. Kiarabu kina herufi mbili ambazo sisi kwenye Kiswahili cha kuandika zote tunazifanya K. Kuna kaf, hii ya kawaida, na kuna qaf, ile inayotoka ndani kooni, aliyesoma chuo cha Qur'an anajua mwalimu alivyokuwa anamrudisha hapo mara kumi kumi. Ng'ombe, baqara, ana qaf. Bakr ina kaf. Ni kama sisi tunavyotofautisha "kamba" na "gamba", ukibadilisha herufi moja umeondoka kabisa kwenye neno. Kwa njia hiyohiyo watu wanamchanganya Bakari na Bakir, na Bakir yule wa qaf, Al-Baqir, ni sifa ya Imamu Muhammad al-Baqir kwa maana ya mwenye kuipasua elimu mpaka ndani. Na Bukhari ndo kabisa hayumo, yule ni mtu wa mji wa Bukhara, uko Uzbekistan ya leo. Majina matatu, asili tatu, sisi tu ndo tumeyasogeza yakakaribiana.

Kwahiyo yule kijana wa ngamia ndo alipatia? Kwa upande wa kamusi, ndiyo. Bakr kwa Kiarabu ni ngamia dume kijana, yaani yule aliyeshaacha kunyonya, nguvu zimeanza kuingia, lakini bado hajachoka na mizigo. Kwa mtu wa mjini ngamia ni mnyama wa kwenye picha, ila kwa Mwarabu wa jangwani wa karne ile ya 6 ngamia kijana ni mali, ni usafiri, ni nyama, kuitwa kwa jina lake hakukuwa tusi hata kidogo. Kulikuwa na makabila mazima yanaitwa hivyo, Bakr bin Wail ni kabila kubwa la zamani na mji wa Diyarbakir kule Uturuki umebeba jina lao mpaka leo, diyar ni makazi, makazi ya Bakr.

Lakini mzizi wenyewe una kitu kizuri zaidi ya ngamia. Zile herufi tatu, b na k na r, kwenye Kiarabu zinazunguka wazo la mwanzo, la kuwahi, la kitu ambacho ndo kwanza kinaanza. Kutoka humo wanapata bikr, mtoto wa kwanza au mwanamwali ambaye hajaguswa, na sisi tukalichukua tukasema bikira. Ndiyo, Bakari na bikira wametoka tumbo moja. Kutoka humo pia kuna bukra, asubuhi mapema, na usiseme hulijui maana kila mwaka unaliimba, asubuhi ya Idi watu wanatoka na kanzu zimenyooshwa wanaleta takbira, Allahu akbar kabira, walhamdulillahi kathira, wasubhanallahi bukratan wa asila, hiyo bukratan hapo ndo asubuhi, na asila ni jioni. Mimi takbira hizi nimezisoma tangu niko mdogo nimeshikwa mkono na baba na sijawahi kujua kama ndani yake mna ndugu wa jina la jirani yetu. Nilipojua nilikaa kimya kidogo.

Sasa tukae hapa kwenye kiini chenyewe, maana ndo watu wengi wanapopapita. Bakr peke yake sio jina tulilorithi sisi. Tulichorithi ni Abubakar, Abu Bakr, na hili kwa Waarabu sio jina la kuzaliwa, ni kunya, yaani jina la heshima linaloanza na Abu (baba wa) au Ummu (mama wa). Ni utaratibu uleule wetu wa kumwita mtu Baba Asha au Mama Juma ili usilitaje jina lake kavu, mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapo. Tofauti ni kwamba kwa Waarabu kunya haikuhitaji lazima uwe na mtoto wa jina hilo. Abu Huraira, yule swahaba mpokezi wa hadithi nyingi, maana ya kunya yake ni baba wa kipaka, alikuwa na kapaka kake anakapenda. Bibi Aisha hakuzaa kabisa lakini aliitwa Ummu Abdillahi, kwa ajili ya mtoto wa dada yake.

Na Sayyidna Abubakar mwenyewe, swahaba wa Mtume, ni hivyohivyo. Jina lake aliitwa Abdullah, baba yake Uthman ambaye naye alijulikana zaidi kwa kunya ya Abu Quhafa, ukoo wa Taym katika Maquraysh wa Makka, alizaliwa kwenye mwaka 573 hivi, miaka miwili mitatu baada ya Mtume. Watoto wake wanajulikana, Abdurrahman, Abdullah, Muhammad, Asma, Aisha, Ummu Kulthum. Mtafute Bakr humo, hayumo. Kwahiyo "baba wa Bakr" hakuwa na Bakr. Wanavyuoni wanaeleza kwa namna mbili, wapo wanaosema alipenda na kujua mambo ya ngamia vijana, na wapo wanaoirudisha kwenye ule mzizi wa kuwahi, kwamba alikuwa wa kuwahi katika kheri, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuingia Uislamu. Mimi hii ya pili naipenda zaidi, nasema wazi ni mapenzi yangu tu.

Unaona basi, yule anayesema Bakari sio jina zuri la Kiislamu kwasababu ni la mnyama, eti bora Abdullah, hajui kwamba Bakari wa kwanza jina lake ndo Abdullah. Na hadithi sahihi ipo kwamba majina yanayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman, ni kweli, na huyu bwana alikuwa na moja na mwanae akawa na jingine, wala haikumzuia kuingia kwenye historia kwa ile kunya.

Na hapa ndo maana yenyewe ilipo. Wazazi wetu walipolichukua jina hawakumchukua ngamia, walimchukua mtu. Mfanyabiashara wa nguo pale Makka aliyetoa mali yake kuwakomboa watumwa waliokuwa wanateswa kwa kusilimu, Bilal akiwa mmojawapo. Mtu aliyefuatana na Mtume mwaka 622 usiku wa kuhama, wakajificha siku tatu kwenye pango la Thawr, na Qur'an ikaligusa tukio lile kwenye Suratut Tawba, wa pili wa wawili walipokuwa pangoni. Chakula kikiletwa na binti yake Asma, aliyeukata mshipi wake vipande viwili afungie masurufu, ndo akaitwa mwenye mishipi miwili. Mtume alipofariki mwaka 632 yeye ndo akawa khalifa wa kwanza, akakaa miaka miwili na miezi tu, na katika muda huo mfupi baada ya vita vya Yamama walipouawa wengi waliohifadhi Qur'an, ndo akamuagiza Zaid bin Thabit aikusanye yote pamoja. Alifariki 634 na akazikwa Madina pembeni ya Mtume. Ukimwita mtoto Bakari unamfunga na huyo, basi. Sifa zake nazo zimekuwa majina kwetu bila watu kugundua, As-Siddiq ndo Sidiki, Atiq ndo Atiki. Unaweza kuta nyumba ina Bakari na Sidiki ndugu wawili na wote wameitwa kwa mtu mmoja.

Ilivyotoka Abu Bakr mpaka Bakari ni kazi ya ulimi wetu, na mi naipenda sana hii sehemu. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zigongane mwisho wa neno halafu neno liishe kavu. Kwahiyo tunapachika irabu katikati na nyingine mwisho. Waarabu wakasema bahr, sisi bahari. Qabr, kaburi. Fajr, alfajiri. Asr, alasiri. Na Bakr ikapita mlango huohuo ikawa Bakari, ukiiweka pembeni ya bahari utaona zimeshonwa na fundi mmoja. Abu ya mbele ikadondoka kwenye mazungumzo ya kila siku, ila kwa wenye kusoma vitabu ilibaki, ndo maana unamkuta Abubakari, Abubakar, na kwa Unguja na Pemba wengi wanaandika Bakar tu wanaishia hapo. Hata ile Abi Bakari unayoisikia msikitini sio makosa, ni sarufi ya Kiarabu, Abu ikifuata baada ya neno kama bin inageuka Abi. Mwanachuoni mkubwa wa Zanzibar, Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija mwaka 1861 na akafariki Unguja 1925, utakuta kwenye vitabu ameandikwa Ahmad bin Abi Bakr, baba yake ni Abubakar yuleyule, hakuna watu wawili.

Na jina halikuja kwa mlango mmoja. Mlango wa kwanza ni wa khalifa mwenyewe, sisi wa pwani wengi ni Sunni wa madhehebu ya Shafii kwahiyo makhalifa wanne wote wako kwenye majina ya watoto wetu, Bakari, Omari, Athumani na Ali, na hakuna anayeona mgongano kuwa na Bakari na Ali kitanda kimoja. Kwa ndugu zetu Mashia hali ni nyingine, ule mvutano wa nani alistahili kumrithi Mtume ulifanya jina la Abubakar likwepwe sana kwao, ukilisikia Iran ni nadra. Ingawa vitabu vya historia vinamtaja mtoto wa Sayyidna Ali mwenyewe aliyeitwa Abubakar, miongoni mwa waliouawa Karbala.

Mlango wa pili ni wa masharifu. Kule Hadhramaut, Yemen ya leo, kijiji cha Inat karibu na Tarim, alikuwepo Shekhe Abubakar bin Salim aliyefariki mwaka 1584, na kizazi chake kilivuka bahari kikatua Pate, Lamu, Visiwa vya Ngazija na Unguja. Wanaitwa mpaka leo kina Shekhe Abubakar. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi akiililia Pate iliyobomoka, ni wa ukoo huo. Kwahiyo kwa nyumba nyingi za visiwa vya Lamu jina hili lina baraka mbili juu ya nyingine, la swahaba na la shekhe wa ukoo.

Nje ya kwetu limevaa nguo nyingine. Waturuki wanasema Bekir. Senegal kuna Babacar na Boubacar, Gambia Bakary, Nigeria Abubakar, kama waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, Abubakar Tafawa Balewa. Kaskazini ya Msumbiji utakuta Abacar, na Visiwa vya Ngazija tahajia ya Kifaransa imeifanya Bacar, wengi mtamkumbuka Mohamed Bacar, mtawala wa kisiwa cha Anjouan, yule aliyeondolewa na majeshi ya Umoja wa Afrika mwezi Machi 2008 na wanajeshi wa Tanzania walikuwemo. Magazeti ya hapa yaliandika "Bacar" siku nzima na watu hawakushtuka kwamba ni kina Bakari wenzetu.

Kwetu jina limezama mpaka limeota cheo cha Kiswahili mbele yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ndo aliyeandika sehemu kubwa ya ile Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafia hukohuko 1927. Angalia jina la baba yake, Mwinyi ni la kwetu, ni bwana mwenye mji, na Bakari ni la Makka lililopikwa na ulimi wetu, yamekaa pamoja kama wali na nazi. Na siku hizi ukisema Bakari kwa vijana wa hapa wanakutajia Bakari Mwamnyeto, beki wa Yanga, mtoto wa Tanga hii hii.

Halafu kuna ule utaratibu wa majina matatu, lako, la baba, la babu. Marehemu Abubakar Khamis Bakary, mwanasiasa wa Pemba aliyewahi kuwa waziri wa sheria na katiba Zanzibar, lisome jina lake taratibu. La kwanza na la tatu ni jina moja, tahajia mbili. Kwa utaratibu wetu la tatu ni la babu, kwahiyo jina linaruka kizazi kimoja linatua kwa mjukuu, kama mtu anayepokewa mzigo.

Hizo tahajia nazo zina majeraha yake. Ndugu yetu mmoja cheti cha kuzaliwa kinasema Bakari, cha shule Bakary, kitambulisho Abubakar, alizungushwa ofisi moja miezi anaambiwa hawa ni watu watatu. Alienda kuapa kiapo kwamba yeye ni yeye. Kwahiyo mzazi, chagua moja mapema, liandike hivyohivyo kwenye kadi ya kliniki na usikubali karani akuandikie anavyosikia.

Najua vijana wengi sasa hivi wanaliona la kizee. Wanataka Rayyan, Zayn, Ayan, jina liwe fupi na lilie vizuri, na hayo ni majina mazuri sina ugomvi nayo. Ila linaponiuma ni pale mtu analikwepa Bakari kwasababu kaambiwa ni la ng'ombe, au analipenda kwasababu kaambiwa ni ahadi. Likatae kwa kulijua au lichukue kwa kulijua.

Siku ya saba akika ilichinjwa, mbuzi wawili kama ilivyo sunna kwa mtoto wa kiume, kichwa kikanyolewa, shekhe akainama akamuuliza baba mtoto jina gani. Baba mtoto akajibu Bakari. Abubakari, akauliza shekhe, au Bakari tu? Akasema andika Abubakari, nyumbani ni Bakari. Wifi mtu simu aliiweka kwenye mkoba, aliniuliza tu pembeni kama nina uhakika na hilo la bukratan, nikamwimbia takbira kidogo akacheka.

Na sasa mtoto ana wiki tatu lakini mdogo wangu bado hajalitamka hilo jina hata mara moja, hawezi, ni jina la baba mkwe wake na kwa adabu tuliyolelewa mkwe halitaji. Jana nimemkuta anambadilisha nepi, mtoto analia, anambembeleza, nyamaza babu, nyamaza babu yangu, basi. Mama mkwe alikuwa mlangoni anasikiliza, na yeye ndo pekee nyumba nzima anayemwita kwa jina kamili, anaingia asubuhi mapema kabla jua halijatoka anamuinamia anasema, Bakari, umeamkaje mume wangu.